Gesi ya Kucheka na Taya Lililovunjika

Mgonjwa akiletwa kwangu ameshika shavu, simwachi aanze kuhadithia ajali. Nachukua kile kijiti bapa cha kukandamizia ulimi, namwambia, "Ng'ata, mjukuu wangu, ng'ata kwa nguvu." Kisha nakizungusha. Mwenye taya zima hung'ang'ania mpaka kijiti kikatike. Aliyevunjika huachia upesi, machozi yanamlengalenga. Mimi ni tabibu wa meno, na hapa Nangurukuru kijiti hakikosi kazi. Njia za Masoko na Liwale zinakutana hapa na barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi, na juu yake kuna malori, mabasi, ng'ombe wanaovuka na vijana wa bodaboda. Ufuta ukishalipwa, stendi hujaa pikipiki mpya. Haupiti muda, wenyewe wanakuja kwangu.

Mmoja wao, meno hayakutani na mdomo umejaa damu, alinong'ona, "Bibi, hakuna ile gesi ya Wazungu ya kucheka?" Alikuwa ameona kwenye simu vijana wa Ulaya wakiivuta kwenye maputo. Swali lake halikuwa la kipuuzi hata kidogo.

Gesi hiyo, naitrasi oksaidi, ilitengenezwa na Joseph Priestley mwaka 1772. Mwaka 1800 Humphry Davy aliandika kwamba huenda ingewafaa wapasuaji, lakini kwa zaidi ya miaka arobaini watu waliifanya mchezo wa jukwaani. Desemba 1844, mjini Hartford huko Marekani, Horace Wells alihudhuria onyesho, akamwona mtu aliyekwisha kuivuta akijiumiza mguu bila kushtuka. Kesho yake Wells aliivuta mwenyewe na kung'olewa jino. Wells alikuwa daktari wa meno, jambo ambalo sisi wa meno hatuchoki kuwakumbusha madaktari wa upasuaji.

Leo huchanganywa na oksijeni, mara nyingi nusu kwa nusu, na mgonjwa huivuta kwa barakoa. Dakika chache tu maumivu na hofu hupungua, na akiacha kuivuta, akili hurudi upesi vilevile. Kwa jeraha la ngozi ya uso, utafiti unaiunga mkono. Mwaka 2001 Jan Luhmann na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto zaidi ya 200, wa miaka 2 hadi 6, walioshonwa usoni. Waliopewa gesi walihangaika kidogo wakati wa kushonwa, na walizinduka haraka kuliko waliopewa dawa ya kutuliza peke yake, ingawa walitapika zaidi.

Mfupa ni habari nyingine. Kwanza barakoa yenyewe: utaibana vipi juu ya pua iliyopondeka? Halafu uso wetu una mapango ya hewa, kando ya pua na juu ya macho. Mfupa wa shavu ukivunjika, hewa hutoroka humo na kuingia chini ya ngozi. Ukibonyeza kwa kidole chini ya jicho, inatatarika kama chumvi ya mawe ndani ya karatasi. Nikiisikia hiyo, neno langu la kwanza kwa mgonjwa ni moja: usipenge kamasi, maana kila ukipenga unasukuma hewa nyingine ndani.

Sasa gesi ya kucheka huyeyuka kwenye damu zaidi ya mara thelathini kuliko naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Ikifika penye hewa iliyonaswa, inaingia kwa kasi wakati naitrojeni inatoka polepole. Mfuko wa hewa unavimba, au shinikizo linapanda pale pasipo na nafasi ya kuvimba. Hewa ikiwa imepenya mpaka ndani ya fuvu, hilo ni jambo la kufa na kupona. Wako watu waliowekewa kiputo cha gesi jichoni kwenye upasuaji, wakaja kupewa naitrasi oksaidi kwa operesheni nyingine kabla kiputo hakijaisha, wakapofuka. Na aliyegonga kichwa, akili yake ikiwa inayumba, hapewi kabisa.

Kuhusu maputo, nilimwambia kijana ukweli wote. Gesi inapotoka kwenye mtungi ni baridi kiasi cha kuunguza, na madaktari wa Ulaya wanatibu midomo na mashavu yaliyobabuka hivyo. Ukiizoea, inaharibu kazi ya vitamini B12 mwilini, miguu inakufa ganzi, kutembea kunakuwa shida. Uingereza iliharamisha kuwa nayo kwa ajili ya kulewa Novemba 2023.

Yeye alichomwa sindano ya ganzi, meno ya juu yakafungwa na ya chini kwa waya. Akaambiwa uji kwa mrija kwa wiki kadhaa, na mkasi wa kukatia waya usikae mbali naye, kwa sababu akitapika mdomo umefungwa anaweza kupaliwa akafa. Kazi kubwa zaidi hupelekwa hospitali, na dawa inayobeba mzigo katika hospitali nyingi za wilaya nchini ni ketamini. Iligunduliwa mwaka 1962, na tangu 1985 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haihitaji mabomba ya gesi wala mashine kubwa, na kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe. Haina neno na hewa iliyonaswa, ila mate huwa mengi, na mate pamoja na damu kooni yanataka mtu asimame kichwani pa mgonjwa bila kubanduka.

Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar upande wa Somanga, nilikuwa na mgonjwa aliyevunjika shavu hadi kwenye tundu la jicho, mtu wa kupelekwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Tulimlaza kichwa juu ya mito miwili, akapewa dawa za maumivu. Kila asubuhi nilimfunika jicho zima na kumuuliza vidole vingapi, mpaka magari yalipoanza kupita.