Chini ya Bahari Hupimwa Kwanza

Ndugu msomaji wa Michenzani, ukiwasha taa jioni, fikiri kidogo umeme huo umepita wapi. Umevuka bahari kwa waya mnene kutoka Ras Kiromoni, Bara, mpaka Ras Fumba, hapa Unguja. Sehemu ya umeme wa Bara hutokana na gesi ya kisiwa cha Songo Songo, Kilwa. Gesi hiyo nayo huvuka bahari, ndani ya bomba.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Bomba lake hupita baharini kilometa 25 hivi mpaka Somanga, kisha nchi kavu kilometa 207. Ule mwendo mfupi wa baharini ndio wenye mashaka. Nchi kavu unaona shimo na jiwe. Baharini huoni kitu.

Manahodha wetu walipima kina kwa bildi, yaani risasi nzito iliyofungwa kamba. Meli ya upimaji hufanya kazi hiyo kwa sauti. Chombo chini ya meli hupiga sauti, nayo hugonga chini na kurudi. Ndani ya maji sauti huenda meta 1,500 hivi kwa sekunde moja. Ikirudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, imekwenda na kurudi meta 150. Basi kina ni meta 75. Meli huenda na kurudi, mstari kwa mstari, kama trekta katika bonde la mpunga la Cheju.

Chombo kingine huvutwa nyuma kwa kamba ndefu. Hicho huchora sura ya chini: matumbawe, mawe, hata meli zilizozama. Kisha udongo wenyewe huchotwa ukaangaliwe. Hapo sisi mabwana shamba tunaelewa vizuri, maana mchanga si sawa na tope.

Mchanga ukifukuliwa na mkondo, bomba huning'inia. Maji hulitikisa usiku na mchana, chuma huchoka, mwisho hupasuka. Katika tope laini bomba huzama. Mwamba hulikwaruza. Matumbawe ni nyumba za samaki, kwa hiyo yafaa njia iyazunguke. Mahali meli zinapotia nanga pia paepukwe.

Kitu cha chini ya bahari kikiharibika, hakitengenezwi kwa siku mbili. Sisi tunajua maana ya kutegemea njia moja inayovuka bahari. Njia yetu ya umeme, yenye waya wa mwaka 1980, ilipoharibika mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 ilikuwa miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, na ndoo zikapandishwa ngazi za majumba ya Michenzani. Waya wa pili, wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013.

Ndugu mvuvi, wapimaji wakija, waonyeshe mapema mlipotega madema. Meli inayopima hutundika alama tatu nyeusi, moja juu ya nyingine: mpira, kisha umbo la almasi, kisha mpira. Usiku ni taa nyekundu, nyeupe, nyekundu. Pita mbali nayo, hasa kwa nyuma, maana ile kamba haionekani.