Ladysmith: kweli au uongo?

Mji wa Ladysmith uko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, katikati ya viwanja vya vita vya zamani na milima ya Drakensberg. Msafiri hulishwa mengi kabla hajafika.

"Jina ni la bibi wa Kiingereza." Uongo. Ni la Juana María de los Dolores de León, Mhispania aliyeolewa na Sir Harry Smith, gavana wa Cape.

"Vita vya Makaburu na Waingereza vilikuwa vya wazungu kwa wazungu." Uongo, na huu ndio unaonikera zaidi. Makaburu waliuzingira mji huu siku 118, kuanzia 2 Novemba 1899 hadi 28 Februari 1900. Njaa na homa ya matumbo hazikuchagua rangi: ndani walikuwamo Waafrika na Wahindi pia. Nje, jeshi la Uingereza lililokuja kuukomboa mji lilibebewa majeruhi na Wahindi wapatao 1,100, wengi wao vibarua wa mkataba. Mmoja wa viongozi wao alikuwa wakili kijana, Mohandas Gandhi.

"Jukwaa la Kop pale Anfield lina jina la kilima cha huku." Kweli, mashabiki wa Liverpool tulieni. Kilima ni Spioenkop. Usiku wa 23 Januari 1900 Waingereza waliokuja kuukomboa mji walikipanda gizani, wakaanza kuchimba handaki ukungu ukiwa umetanda. Mwamba uliwagomea, handaki likabaki la kina kifupi, la kujilaza tu. Ukungu ulipoinuka, wakajikuta wako peupe, Makaburu wakiwamiminia risasi na mizinga kutoka vilima vya jirani. Waliokufa walizikwa mumo humo. Ukifika kileleni leo utaliona kaburi hilo: tuta refu la mawe yaliyopakwa rangi nyeupe, likifuata mkondo wa handaki lenyewe. Wengi wao walitoka Lancashire, eneo la Liverpool wakati huo, ndiyo maana mwaka 1906 jina likahamia uwanjani Liverpool.

"Uwanja wa vita wa Isandlwana nao ni wa vita hivyo hivyo." Uongo. Huko ni Wazulu wa Mfalme Cetshwayo waliowachakaza Waingereza, tarehe 22 Januari 1879. Tena si pua na mdomo kutoka Ladysmith. Itengee siku yake.

"Paul Simon ndiye aliyewatoa Ladysmith Black Mambazo." Nusu tu. Albamu ya mwanamuziki huyo Mmarekani, Graceland, ya mwaka 1986 iliwapa umaarufu Ulaya na Marekani, ila Joseph Shabalala alikuwa ameunda kundi hilo la waimbaji tangu miaka ya 1960, na nyumbani walishakuwa na jina kubwa.

"Ni Afrika, sweta la nini?" Uongo mtupu. Vilele vya Drakensberg vinapita mita 3,000, na kati ya Juni na Agosti theluji huanguka. Sweta halitoshi, beba koti.