Saa kumi na moja ni saa ngapi?

Mwaka jana mmoja wetu alimsindikiza bibi yake kwenda kupimwa kumbukumbu katika hospitali moja hapa Brussels. Bibi alizaliwa Buyenzi, Bujumbura. Kifaransa chake kinamtosha dukani na kwenye tramu, si zaidi, kwa hiyo mjukuu akawa mkalimani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye saa. Mpimaji alimpa bibi karatasi na kalamu, akamwomba achore saa ya ukutani yenye tarakimu zote, kisha aweke mishale kwenye saa aliyoitaja. Kwa Kifaransa alisema kumi na moja na dakika kumi. Mjukuu akatafsiri neno kwa neno: saa kumi na moja na dakika kumi. Bibi akachora duara safi, akapanga tarakimu, akauelekeza mshale mfupi kwenye 5 na mrefu kwenye 2.

Wasomaji wa gazeti hili mmeshaelewa. Mjukuu mwenyewe hakuelewa papo hapo. Alishtuka baadaye kwenye tramu, bibi akiwa amesinzia begani kwake. Alipaswa kusema saa tano.

Kipimo hicho kinaitwa MoCA. Kilitungwa Montréal na daktari Ziad Nasreddine na wenzake, kikachapishwa mwaka 2005, na sasa kinatumika karibu kila mahali. Huchukua kama dakika 10 na kina alama 30. Anayepata 26 au zaidi huhesabiwa kuwa sawa. Saa ina alama 3: moja ya duara, moja ya tarakimu, moja ya mishale. Bibi alipoteza ile ya mishale. Ni ndogo, lakini mtu mwenye 26 akiipoteza anashuka hadi 25, na hapo mazungumzo ya daktari na familia hubadilika.

Sisi tunaoandika makala haya tuko mwaka wa tatu wa saikolojia, na tunataka kusomea uzamili katika sayansi ya ubongo, upande wa utambuzi na wa tiba. Kisa hicho tulikipeleka kwenye kikao cha chama, tukawaomba wenzetu wachore saa kumi na moja. Waliolelewa na wazazi wa Mombasa na Dar es Salaam waliuweka mshale kwenye 5. Mwenzetu ambaye kwao ni Lubumbashi aliuweka kwenye 11, akatushangaa sote, maana nyumbani kwao saa husomwa kama ilivyoandikwa. Kwa hiyo hata kumwambia mkalimani atumie saa ya Kiswahili hakutoshi. Kwanza umuulize mgonjwa, kwao saa moja asubuhi ni wakati gani.

Halafu tukajaribu maneno. Katika MoCA mtu hupewa dakika 1 ataje maneno mengi awezavyo yanayoanza na herufi moja, na maneno ya shina moja yanayotofautiana mwishoni tu hayahesabiwi mara mbili. Kanuni hiyo ilitungwa kwa lugha ambazo maneno hubadilika zaidi mkiani. Ya kwetu hubadilika kichwani pia: kuimba ni K, mwimbaji ni M, wimbo ni W, na shina ni lile lile. Ukimpa mtu herufi K, atakutajia kula, kulala, kusoma, kupika mpaka dakika iishe. Je, hayo ni maneno tofauti, au ni kiambishi kimoja kinachofanya kazi yote? Tulibishana mpaka ukumbi ukafungwa. Ukimpa R, atahangaika. Matokeo hayo mawili ukiyalinganisha, unapima ubongo au unapima sarufi?

Wako waliokwisha kulifanyia kazi jambo hili, na si mbali na lugha yetu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walitengeneza kipimo cha dimensia, ule ugonjwa wa kusahau, kwa ajili ya wazee ambao wengi wao hawakusoma sana. Kinaitwa IDEA, na kilichapishwa mwaka 2014. Hakidai kalamu hata kidogo: badala ya kuchora, mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kilifi, pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitunga kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo, kilichochapishwa mwaka 2008. Huko haja ilikuwa kubwa, kwa sababu malaria ikipanda kichwani humwachia mtoto kasoro za kumbukumbu na lugha hata akipona homa. Abubakar alipata uzamivu wake Tilburg, Uholanzi, jirani kabisa na sisi.

Kuhusu masomo yenyewe, kwa wanaotuuliza: ULB hapa mjini ina kituo cha utafiti wa utambuzi na ubongo, na UCLouvain ina taasisi ya sayansi ya neva kule Woluwe. Maastricht, unakofika kwa treni kupitia Liège, kuna uzamili wa utafiti wenye jina hasa tunalolitaka, wa miaka 2, kwa Kiingereza, na sehemu kubwa ya mwaka wa pili ni mazoezi ya utafiti na tasnifu. Kote huko takwimu ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani, na kuandika programu za kompyuta pia. Mmoja wetu bado anazikimbia takwimu.

Bibi je? Mjukuu alimwandikia mpimaji, akaeleza habari ya saa. Mpimaji alishukuru, akampangia bibi siku nyingine, safari hii na mkalimani wa kazi, aliyezungumza na bibi kidogo kwanza. Saa ilichorwa sawasawa. Lakini yale maneno matano ya kukumbuka baada ya dakika chache, bibi alikumbuka moja tu, na hapo hapakuwa na tafsiri ya kulaumu. Sasa anatibiwa, na mjukuu hafanyi tena kazi ya ukalimani. Huketi pembeni, amemshikia bibi mkoba.