Verini za umeme barabara ya Mahagi: faida iko kwa anayefunga

Magari mengi yanayofanya kazi kati ya Bunia, Kpandroma na Mahagi, mkoani Ituri, hayakuundwa kwa kazi hiyo. Hiace iliyokuwa ikipakia abiria Japani inabebeshwa magunia, pikapu inawekewa kasha la bati na kugeuzwa duka. Bodi huundwa na mafundi wa kulehemu, na kazi hiyo wanaiweza. Kinachobaki kumtesa dereva ni kuinua mfuniko na kushusha mlango wa nyuma.

Ndipo inapoingia verini ya umeme: mota ndogo inazungusha parafujo, na parafujo inasukuma fimbo ya chuma nje au kuirudisha ndani. Umeme ukikatika, fimbo kwa kawaida inabaki ilipo, kwa sababu mzigo hauwezi kuirudisha parafujo nyuma kirahisi. Ukiongeza kipokezi cha redio na rimoti, dereva anafungua akiwa kando, mbali na mlango unaoshuka.

Vifaa hivi hutoka China na kupitia Dubai au Mombasa, kisha Kampala, kabla ya kuvuka mpaka wa Goli. Verini ndogo ni ya makumi ya dola, na rimoti ni nafuu zaidi. Mfanyabiashara yeyote anayekwenda Kampala anaweza kurudi nazo, kwa hiyo kuziuza tu hakumtajirishi mtu. Mwenye pesa ni fundi anayejua kupiga hesabu kabla ya kutoboa bati.

Tuchukue mfuniko wa kilo 60 wenye urefu wa mita 2. Uzito wake uko mita 1 kutoka kwenye bawaba. Verini ikishikizwa sentimita 25 kutoka bawaba, lazima isukume kama kilo 240, tena ikiwa imesimama wima dhidi ya mfuniko. Ikilazwa kwa pembe ya digrii 30, zinakuwa kilo 480. Verini iliyoandikwa nyutoni 1,500 inaweza kilo 150 hivi. Mteja anarudi akilalamika kwamba kauziwa kitu kibovu, kumbe kilichokosewa ni tundu la skrubu.

Waya nao una hesabu yake. Verini mbili zinazovuta jumla ya ampea 10, zikilishwa kwa waya wa milimita moja ya mraba kutoka betri iliyo mita 6, hupoteza volti 2 njiani. Waya wa milimita nne za mraba hupunguza hasara hiyo hadi nusu volti. Halafu kuna malori ya volti 24: kuna mafundi wanaochukua volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili, na baada ya miezi michache betri hiyo inakufa kabla ya mwenzake.

Upande wa redio, rimoti nyingi za bei rahisi ziko megahezi 433. Zile za zamani zina chipu yenye miguu 8 ya anwani inayopangwa kwa lehemu, kila mmoja ukiwa na hali 3, yaani michanganyiko 6,561. Fundi asipogusa lehemu, zote zinabaki na anwani ya kiwandani, na malori mawili yaliyoegeshwa sokoni yanaweza kufunguliana milango. Mimi ningekataa pia kipokezi cha kubonyeza mara moja na kuachia. Kwenye mlango mzito, fimbo isimame pale kidole kinapoinuka.

Nairobi imeonyesha kwamba kubadilisha magari kunaweza kuwa kampuni kamili: Opibus, iliyoanza 2017 na kuitwa Roam tangu 2022, iligeuza Land Cruiser za safari kuwa za umeme. Lakini wateja wa magari hayo walikuwa wa utalii. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na kisanduku chenye antena na waya kilichofichwa chini ya gari kitazua maswali kwenye bariere. Afadhali kiwekwe ndani, mahali pa wazi, na risiti ya garaji iwe karibu.

Garaji itakayoanza leo ihifadhi relee, fyuzi na verini moja ya akiba, na kila gari liwekewe swichi ya waya kando ya rimoti. Betri ya rimoti ikiisha njiani siku ya soko, mwenye gari hana muda wa kusubiri mzigo kutoka Kampala.