Kiboko akiisha, samaki nayo inaisha

Tukifika soko ya Virunga hapa Goma, tunauliza bei ya tilapia ya Vitshumbi, tunalalamika, kisha tunalipa. Hatuulize hii samaki ilikula nini mpaka ikanona.

Kuna mkono wa kiboko ndani. Usiku kiboko anatoka majini, anakula majani ya mbuga, karibu kilo 40 kwa usiku moja. Mchana anarudi ndani ya ziwa Édouard. Mavi yake inalisha vidudu vidogo vya majini, na samaki inakula ndani yake. Ni vile majani ya Rwindi inafika kwenye sahani yetu.

Parki ya Virunga ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, ya kwanza katika Afrika. Miaka ya 1970 ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000. Mwaka 2005 walibaki chini ya 1,000. Watu wenye silaha waliwaua juu ya nyama na meno. Tena uvuvi wa kupita kipimo ukaongeza shida ziwani.

Mbuga nayo iliteseka. Tembo walipopungua, vichaka vilifunga majani, wanyama wa kula majani wakakosa chakula. Lakini mwaka 2020 tembo karibu 580 walivuka kutoka Uganda. Walivunja vichaka, wakakanyaga miiba, majani ikaota tena. Mbogo, ngiri na swala wakarudi nyuma yao. Hakuna mtu aliyewaleta na kamio. Walitembea wenyewe.

Sisi watu wa karyeri tunajua kuhesabu. Koltani ikishatoka shimoni, shimo halizai ingine. Tunahama, tunachimba fasi ingine. Mnyama si vile: yeye anazaa, lakini polepole. Kiboko jike anabeba mimba miezi nane, na anazaa mtoto mmoja tu. Ukiua mama leo, umefunga shimo ambalo lingetoa kila wakati bila kuchimbwa.

Kwa hiyo, ndugu mchimbaji, siku mtu atakuletea nyama ya parki kambini kwa bei ya chini, fikiria kwanza bibi yako sokoni na kikapu mkononi. Ile nyama itaisha na sufuria ya jioni. Samaki, watoto wataikosa miaka mingi.