Memwari Ipi? Kuhusu Kuipa Nguvu Mpya Kompyuta Kuukuu ya Mtafiti wa Lugha huko Fizi na Baraka

Mtafiti wa lugha anayefanya kazi kati ya Baraka na Fizi aghalabu hutumia kompyuta ya mapajani iliyokwisha kupitia mikono miwili au mitatu kabla ya kumfikia. Ndani yake mna saa nyingi za sauti za wazee, kwa Kibembe na kwa Kiswahili cha huku, na baadhi ya wasimulizi hao hawako tena duniani. Chombo kinapoanza kuzorota, ushauri wa kwanza anaopewa ni kununua kipya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi si lazima, mradi mwenye chombo ajue kwanza ni kiungo kipi kinachokwamisha kazi.

Ugumu huanzia katika istilahi. Huku kwetu neno “memwari”, tulilolipokea kutoka Kifaransa, hubeba maana zisizopungua tatu: kijikadi cha kuhifadhia picha katika simu, kumbukumbu ya kompyuta, na ile kazi ya kuhitimu ambayo kila mwanafunzi wa lisansi huiota usiku. Kiswahili cha Tanzania, ambacho wengi wetu tulikizoea zaidi kwa jamaa waliorejea kutoka kambi za Kigoma kuanzia 2005, kina neno “kumbukumbu”, lakini nalo hutumiwa kwa vitu viwili tofauti. Mwandishi wa makala haya alipata kumwagiza msafiri wa Uvira “memwari ya gigabaiti 8”. Akaletewa kijikadi cha simu cha gigabaiti 8, kizima kabisa na kisichomfaa kwa lolote. Fedha haikurudi.

Kwa hiyo hapa tutasema “kumbukumbu ya kazi” kwa ile ambayo yaliyomo hutoweka umeme ukatikapo, na “diski” kwa hifadhi ya kudumu. Aliyewahi kuwatazama wavuvi wa Baraka ataelewa upesi: kumbukumbu ya kazi ni uwanja wa kuanikia ndagala, diski ni ghala. Uwanja ukiwa mdogo, samaki huanikwa kwa zamu, na watu hushinda wakienda na kurudi ghalani. Kompyuta nayo, kumbukumbu yake ya kazi ikijaa, huanza kuitumia diski kama uwanja wa nyongeza. Na diski ya kale ni nzito mno kwa kazi hiyo.

Tuchukue mfano wa Praat, programu ya uchambuzi wa sauti iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink huko Amsterdam. Masimulizi ya saa moja, yaliyorekodiwa kwa njia mbili za sauti, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, huchukua takriban megabaiti 635 katika diski. Lakini Praat ikiyafungua kwa njia ya kawaida huiwekea kila sampuli baiti 8, na masimulizi yale yale hudai zaidi ya gigabaiti 2.5 za kumbukumbu ya kazi. Katika mashine ya gigabaiti 4, ambayo sehemu yake imekwisha kutwaliwa na mfumo endeshi, hapana nafasi. Hapo ndipo mtu husema kompyuta imezeeka. Wakati mwingine dawa haina gharama yoyote: Praat ina njia nyingine ya kufungua faili ndefu za sauti bila kuzipakia zote, na sauti ya njia moja hudai nusu tu ya nafasi hiyo.

Isipotosha dawa hiyo, sisi tungeanza na diski. Diski ya kale ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachoelea juu yake kwa umbali usioonekana kwa macho. Sasa ipande pikipiki kutoka Baraka hadi Fizi! Kuibeba ikiwa imezimwa kabisa, si kulazwa tu, hupunguza hatari, lakini hakuiondoi. Diski ya kisasa haina sehemu yoyote inayozunguka. Haiogopi mtikiso kwa kiasi hicho, hutumia umeme kidogo, jambo la maana kwa anayetegemea paneli ya jua, na husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde mahali ambapo ile ya kale husoma kama 100. Mashine nyingi za miaka ya 2010 huipokea bila matata katika nafasi ile ile ya inchi 2.5. Unene tu hutofautiana: nyingi za kale zina milimita 9.5, mpya 7, na pengo huzibwa kwa kipande cha plastiki.

Kabla ya kufungua bisibisi ya kwanza, sauti zote zinakiliwe kwingine. Diski inayogonga-gonga haistahili kusubiriwa hata siku moja. Mpya nayo isiaminiwe kwa maandishi ya kasha lake, kwani zipo za bandia zinazotangaza ukubwa zisiokuwa nao: ijazwe mafaili hadi pomoni, kisha yafunguliwe tena yale yaliyoingia mwisho.

Kumbukumbu ya kazi ifuate. Aina ya DDR3 kwa kompyuta za mapajani ina pini 204, DDR4 ina 260, nazo haziingiliani. Hata ndani ya DDR3 kuna ya volti 1.5 na ya volti 1.35, na baadhi ya mashine za kuanzia 2013 huikataa ile ya kwanza. Njia salama ni kuing’oa iliyomo, betri ikiwa imetolewa, na kunakili maandishi yake yote kabla ya kumwagiza msafiri yeyote. Katika mashine nyembamba hutokea ikawa imelehemiwa. Hapo hakuna la kuongeza.

Kichakataji tungekiacha kama kilivyo. Kuna, hata hivyo, mpaka ambao vipuri havivuki: Windows 10 iliachwa bila msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haivitambui rasmi vichakataji vingi vya kabla ya 2018. Kwa mashine hizo Linux ndiyo njia iliyobaki, na Praat hufanya kazi humo vizuri.

Diski ya zamani, ikiwa bado nzima, itiwe katika kasha lenye waya wa USB, ijazwe nakala za sauti, na iwekwe katika nyumba nyingine.