Fahamu Kuhusu 5-amino-1MQ, Kemikali Inayotangazwa Kupunguza Mafuta Mwilini

Kemikali ijulikanayo kama 5-amino-1MQ, ambayo huuzwa mitandaoni kwa madai ya kupunguza mafuta mwilini, bado haijathibitishwa kuwa dawa ya binadamu. Ushahidi unaotajwa kuihusu umetokana hasa na seli za maabara na panya.

Kemikali hiyo huzuia kimeng'enya kiitwacho NNMT, kinachopatikana kwenye ini na katika tishu za mafuta. Kimeng'enya hicho huibadili nikotinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, kuwa kitu kinachotolewa mwilini kwa njia ya mkojo. Nikotinamidi hiyo hiyo ndiyo malighafi ambayo seli huitumia kutengeneza NAD, kiambata muhimu katika kugeuza chakula kuwa nishati. NNMT inapozidi, seli hupungukiwa malighafi hiyo na huelemea kuhifadhi mafuta badala ya kuyatumia.

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, tawi la tiba la Galveston nchini Marekani, waliwadunga kemikali hiyo kwa siku 11 panya walionenepeshwa kwa lishe yenye mafuta mengi. Panya hao walipungua uzito na seli zao za mafuta zikasinyaa kwa zaidi ya asilimia 30, ingawa hawakupunguza kula. Jambo hilo la mwisho liliwavutia watafiti, na bila shaka wafanyabiashara pia.

Hata hivyo, siku 11 za panya hazioneshi madhara ya miezi mingi kwa ini, figo au mimba ya binadamu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) haijaidhinisha kemikali hiyo kwa tiba yoyote, na baadhi ya wauzaji huiandika kuwa ni "kwa utafiti tu" huku wakiinadi kwa watu wanaotaka kupungua.

Nchini Tanzania, dawa hutakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kabla ya kuuzwa.

Kuzuia kimeng'enya si jambo geni katika tiba ya unene. Orlistati, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999, huzuia lipesi, kimeng'enya kinachomeng'enya mafuta tumboni. Kabla ya idhini ilijaribiwa kwa maelfu ya watu. Ndiyo maana karatasi yake ya maelezo hutaja kinyesi chenye mafuta na upungufu wa vitamini A, D, E na K. Kwa 5-amino-1MQ, orodha ya namna hiyo bado haijaandikwa.